Kabla Korosho Haijawa Dola

Kila mwaka mwezi wa Oktoba unapokaribia, upepo wa Mtwara mjini huanza kubeba harufu ya magunia ya juti, na mtu aliyekulia huku hahitaji kalenda kujua kwamba msimu umefika. Malori hujipanga kandokando ya barabara kuelekea maghalani, mama ntilie huongeza masufuria, na vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikalia vijiweni tangu mwezi wa saba huanza kukataa abiria wa karibu. Nilikulia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako korosho ilikuwa ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na nguo ya Idi. Baadaye nikawa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika kwa misimu mitatu, na sasa ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari, ambako korosho ileile huitwa mzigo na huhesabiwa kwa makontena. Kwa hiyo nimeiona safari yake ikianza na nimeiona ikiisha, walau upande wetu wa bahari.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali la mama yangu. Alikuwa amesikia redioni kwamba korosho imeliingizia taifa mamilioni ya dola, akaniuliza: “Mwanangu, hizo dola zinapita wapi? Mbona huku kwetu hazionekani?” Nilimjibu harakaharaka kwamba dola hukaa benki, jibu la mtu anayetaka kumalizia chai yake. Swali lilibaki likinisumbua, kwa kuwa ni swali la haki, na kwa kuwa mimi ninayejaza nyaraka za kusafirisha mzigo nilipaswa kuwa na jibu bora zaidi.

Jibu lenyewe linaanzia mnadani. Mnunuzi anayeshinda huilipa korosho yetu kwa shilingi, lakini fedha anayoitegemea ni dola za mteja wake wa Vietnam au India. Ili apate shilingi za kumlipa mkulima ndani ya siku chache zilizowekwa, humlazimu kuziuza dola hizo benki. Hapo ndipo dola ya mama inapopita: inaingia benki, inanunuliwa na mwagizaji wa mafuta ya dizeli, wa dawa za hospitali, wa mbolea au wa vipuri vya matrekta, na mama anabaki na shilingi kwenye akaunti yake. Hazioni dola kwa sababu zimekwisha kugeuka kabla hazijamfikia, lakini bila gunia lake mwagizaji yule angekuwa na shilingi nyingi mkononi na hana pa kuzibadilisha.

Mwishoni mwa mwaka 2024 jambo hili lilionekana waziwazi. Mwezi wa Oktoba dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi zaidi ya 2,700, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu na 2,400. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo dhahabu, watalii na hatua za Benki Kuu, lakini msimu wa korosho nao ulikuwa miongoni mwake, na ulikuwa msimu mkubwa: mavuno yalivuka tani 400,000, na minada ya mwanzo ilifungua kwa bei iliyozidi shilingi 4,000 kwa kilo. Wengi walifurahi kuiona shilingi ikipata nguvu. Mimi nilichukua kikokotoo. Tuseme mnunuzi yuko tayari kulipa dola moja na nusu kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,700, hizo ni shilingi 4,050. Ikiwa shilingi 2,400, ni shilingi 3,600. Mkulima aliyechelewa kuvuna anaweza basi kupata bei ndogo kwa sababu, pamoja na mengine, ya dola zilizoletwa na korosho za jirani yake aliyewahi. Sisemi shilingi isipate nguvu, maana dizeli ya lori nayo hununuliwa kwa dola. Nasema tu kwamba mkulima wa Tandahimba yumo ndani ya soko la fedha za kigeni hata kama hajawahi kuishika noti ya kigeni maishani mwake.

Tena dola hutoka kabla ya kuingia, na hili husahaulika sana. Mkorosho unapoanza kuchanua kwenye mwezi wa sita na wa saba, hushambuliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoyaunguza maua na kuyaacha meusi kabla hayajafunga. Kinga yake kubwa ni salfa, na salfa hiyo huagizwa kutoka nje. Magunia ya juti pia sehemu kubwa hutoka nje. Nakumbuka tukiamshwa kabla ya jua kutoka, wakati umande ungali juu ya majani na upepo haujaanza, mjomba akiwa na mashine ya kupulizia mgongoni, uso umefungwa kanga, unga wa njano ukipanda hadi kileleni na kushuka taratibu kama vumbi la chokaa. Macho yaliwasha mpaka adhuhuri. Shamba lile mjomba aliachiwa na mjomba wake, kwa desturi yetu ya kurithi kwa upande wa mama, na alikuwa akisema kwamba mikorosho ilikuwepo kabla ya salfa, ila korosho hazikuwepo.

Alikuwa akisema kweli zaidi ya alivyodhani. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, kiasi hicho kilikuwa kimeanguka hadi chini ya tani 20,000. Ubwiriunga ulichangia sana, lakini haukuwa peke yake. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, wakawa wanaitembelea kama jamaa wa mbali; bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba kupalilia chini ya mti kulionekana kazi bure; na mfumo wa ushirika ulivunjwa na kuundwa upya katikati ya hayo yote. Mti haukufa. Ulibaki porini ukizaa kidogo, ukiokotewa na nyani na watoto. Watafiti wa kituo cha Naliendele, hapa nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndio waliofanya kazi ya kuonyesha jinsi ya kutumia salfa na kuchagua miche inayozaa vizuri, na tangu miaka ya 1990 zao likaanza kuinuka tena. Msimu wa 2017/18 tulifikia tani 313,000 na ushei. Mwaka 2017 mauzo ya korosho nje yalipita dola milioni 500, kiasi ambacho zao jingine lolote la biashara nchini lilikiangalia kwa mbali.

Ninaitaja historia hii kwa sababu wanaozungumzia uchumi wa nje mara nyingi huanzia bandarini, kana kwamba meli ndiyo inayozaa. Dhahabu inaweza kuongezeka kwa kampuni moja kuchimba zaidi. Korosho haiongezeki hivyo. Inaongezeka pale maelfu ya watu, kila mmoja kwa akili yake na deni lake, wanapoamua mwezi wa tano kwamba mwaka huu wapalilie na wapulize. Wakikata tamaa kwa pamoja, hakuna waziri anayeweza kuwalazimisha wakachume, na tuliyaona hayo miaka ile.

Sasa nieleze kosa langu la ukarani, maana limenifundisha kuliko takwimu zote. Ilikuwa msimu wangu wa pili. Foleni kwenye mizani ilikuwa ndefu, jua kali, watu wana hasira, na mzee mmoja aliyekuwa akiheshimiwa kijijini alileta magunia yake akanihimiza nisimcheleweshe. Utaratibu ulikuwa nichome kila gunia kwa bambo, nitoe korosho chache, nizitazame na kuzijaribu. Korosho iliyokauka sawasawa haikubali alama ya ukucha wa kidole gumba, na ukiitikisa karibu na sikio unasikia kiini kikigonga ganda. Nilichoma magunia mawili ya juu, yakawa mazuri, mengine nikayapitisha kwa heshima ya mvi zake. Kumbe yale ya chini yalikuwa yameokotwa baada ya mvua na kufungwa mabichi. Lori lilipofika ghala kuu wakapima unyevu, wakakuta umezidi asilimia 10, na mzigo wote ukarudishwa. Lori zima, pamoja na magunia ya wajane waliokuwa wameanika siku nne mfululizo, pamoja na magunia manne ya mama yangu.

Tuliyamwaga yote kwenye turubai mbele ya ofisi ya chama tukaanika upya kwa siku tatu, mimi nikiwa nayageuza kwa reki huku kila anayepita akinisalimia kwa sauti ya mtu anayejizuia kusema neno. Wakati huo mnada wa wiki ile ukapita. Mnada uliofuata bei ilikuwa imeteremka. Mama hakunilaumu. Alisema tu, “Ukucha unao, mwanangu, ungeutumia.”

Kwa nini unyevu na ubora una uzito hivyo? Mnunuzi wa Vietnam hanunui ganda, hununua kiini kilichomo. Korosho ghafi hupimwa kwa ratili za kiini kizuri zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na korosho nzuri ya kusini hutoa ratili zinazokaribia 50. Kila ratili inayopungua humpunguzia mnunuzi ari ya kupandisha bei, na kwa kuwa korosho za wanachama huchanganywa katika fungu moja, uzembe wa mmoja hulipwa na wote. Bei ya dunia hatuipangi. Nauli ya meli hatuipangi. Thamani ya dola, kama nilivyoonyesha, hatuipangi. Mambo yaliyomo mikononi mwetu kwa hakika ni machache sana, na kukausha ni mojawapo, kwa hiyo sioni haya kulirefusha.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho ghalani na kulipwa baada ya mnada, na ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, umelalamikiwa sana, na baadhi ya malalamiko ni ya kweli. Makato ni mengi: ushuru wa halmashauri, gharama za chama cha msingi na za chama kikuu, usafiri, ghala, na wakulima wachache mno wanaoweza kuyataja yote kwa mpangilio. Malipo huchelewa pale namba moja ya akaunti inapokosewa. Lakini mbadala wake naujua pia, nao ni kangomba. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, mtu mwenye fedha hupita nyumba hadi nyumba akinunua korosho zilizo bado mtini, kwa bei ya kutupa, na wakati wa kupokea hupima kwa bakuli linalomeza zaidi ya kilo. Mwenye mgonjwa ndani hawezi kungoja mnada wa Oktoba. Kwa maoni yangu kangomba haitakwisha kwa doria, maana inaishi kwenye pengo la kati ya Juni na Oktoba, na mkulima akipata mkopo mdogo wa halali katika miezi ile, mwenye bakuli atakosa mteja.

Mnada nao umebadilika. Zamani zabuni zilikuwa zikifunguliwa mbele ya wakulima wamejaa uwanjani, bei zikisomwa kwa sauti, na wao wakikubali au kukataa. Tangu msimu wa 2024/25 mauzo hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ingawa kwenye mikutano yetu watu bado hukusanyika wakiitazama skrini kama wanavyotazama mpira. Nguvu ya kukataa si ya mchezo. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi walizikataa bei za wanunuzi zilizokuwa chini ya matarajio, na mwezi uliofuata Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuisomba. Wakulima waliopona bei mbaya walishukuru. Lakini korosho ilikaa ghalani ikingoja mnunuzi, uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na mapato ya nchi kutokana na zao hili kwa mwaka 2018 yakaanguka hadi chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Mjini hapa vibanda vilifungwa. Fundi cherehani mmoja aliniambia hakushona nguo hata moja ya sikukuu.

Mwaka huohuo bunge lilibishana vikali juu ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ambao kwa miaka mingi sheria imeuweka kuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo au dola 160 kwa tani, kutegemea ni kipi kikubwa. Awali asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kuliendeleza zao, kwa pembejeo na utafiti, na mabadiliko ya 2018 yaliipeleka yote mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Nadhani walikuwa na haki, kwa hesabu rahisi kwamba mti usiopulizwa hautozwi ushuru.

Kuhusu bandari nitasema kifupi, ingawa ndiyo inayonilisha. Mtwara ina kina kirefu cha asili, na ilijengwa kwa ajili ya zao ambalo halikufika. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza ilibuni mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea, mkoani Lindi, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka pwani, mamilioni ya pauni yakazama, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimekwisha kusahaulika. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Kilichokuja kuijaza bandari hiyo ni mti ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili, ukapandwa na wakulima wadogo nyuma ya nyumba zao, bila trekta hata moja. Leo kuna gati jipya la mita 300, na mabishano ya kila msimu ni kama korosho itoke hapa au ipelekwe kwa malori hadi Dar es Salaam. Kwa kuwa mimi ni wakala wa huku, mtaelewa nasimama upande gani.

Jambo linaloniuma nikijaza nyaraka ni neno “ghafi”. Ukibangua kilo 100 za korosho unapata kiini kati ya kilo 20 na 25. Maana yake kontena ninalolifunga limebeba maganda robo tatu au zaidi, nasi tunayasafirisha maganda hayo kuvuka Bahari ya Hindi ili wenzetu wayakamue mafuta, wayachome kama kuni, na watuuzie viini kwenye pakiti zenye picha nzuri. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua, vingine kwa teknolojia ya Italia na vingine ya Japani, ila vilikamilika wakati mavuno yakianguka, vikakosa cha kubangua. Vingi viliishia kuwa maghala, na hivi leo korosho ghafi hulala ndani ya kuta zilizojengwa ili isilale ghafi.

Siamini kwamba suala hili ni la uvivu wala la kukosa uzalendo. Mwenye kiwanda huku lazima anunue mahitaji ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa mkopo wa riba kubwa, akishindana mnadani na mtu atakayekiuza alichonunua baada ya wiki sita. Wanawake wanaobangua kwa mkono, vidole vyao vikiwa vimepakwa majivu au mafuta ili utomvu wa ganda usiwachome, wanashindanishwa na mashine za Vietnam. Kongani ya viwanda, yaani eneo la viwanda vya pamoja, inayoandaliwa Maranje mkoani Mtwara inaweza kubadilisha hali hiyo ikiwa mtaji wa kununulia mali ghafi utafikiriwa kwa uzito uleule wa majengo. Majengo tulishawahi kuwa nayo.

Wenzetu wa Lindi wana ufuta, unaoingia sokoni wakati sisi tunapuliza salfa, na ni bahati kwamba kusini tuna misimu miwili ya fedha. Wana pia mbaazi, na mbaazi ndizo zilizotufundisha hatari ya kutegemea mlaji mmoja: Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi inazoagiza, na bei huku ikaporomoka hadi shilingi mia chache, watu wakaziacha shambani zikapukutika. Hakuna aliyekuwa amekosea kulima. Amri ilisainiwa mbali, na iliwakuta watu wa Nachingwea wakiwa na magunia mlangoni.

Jana jioni nilimpigia mama nikaanza kumwelezea haya, kuanzia kwa mnunuzi anavyouza dola zake benki ili apate shilingi. Alinisikiliza vizuri, akaitikia mara mbili tatu, akauliza kama bei ya wiki hii itapanda. Nilipofika kwenye dizeli na dawa za hospitali akanikatiza. “Mwanangu, nimekuelewa, utanimalizia kesho. Wingu limefunga upande wa Ruvuma, ngoja nikaanue korosho.”